Nywele Ndani ya Feni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, anajulikana kwa jina la Fundi Upepo. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake, na si kwa sababu ana mbio. Ukimwita aje kula, chakula kinapoa kwanza. Aliitwa hivyo kwa kuwa katika gereji nzima, penye watu wa injini, watu wa breki na watu wa rangi, yeye ana kazi moja tu: gari lisilopuliza hewa, lipulize. Mteja akitaka ya baridi wakati wa jua au ya moto wakati wa mvua, hilo ni lake. Upepo ni wa shemeji.

Mimi ni mshonaji, na ninaishi nao. Chumba changu cha cherehani kina dirisha linalotazama uani, palepale anapoegesha gari lake. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuletewa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mengine nikiwa na pini mdomoni.

Viganja vya shemeji ni vigumu kupita soli ya kiatu. Sufuria ya moto anaiepua bila kitambaa halafu anashangaa mnavyomshangaa. Ndiyo maana hapimi hewa kwa mkono. Anapimia shavu. Anainama mbele ya tundu la dashibodi, anafumba macho, analaza shavu, anatulia. Wateja wageni hudhani anasali. Akiinuka anakuambia, "Hii ni namba mbili inajifanya namba tatu," na ukifungua unakuta ndivyo.

Hata dada alimpata kwa shavu hilo. Wakati huo dada alikuwa msusi katika saluni ya mama mmoja, na gari la huyo mama lilipoacha kupuliza, wakaenda nalo gereji wote wawili. Dada amekaa kiti cha mbele, fundi kijana akaja, akapitisha kichwa dirishani, akalaza shavu kwenye tundu lililo mbele ya magoti yake bila hata kumwona. Dada mpaka leo anapenda kumchongea kwa wageni. Anasema, "Alisalimia tundu kwanza, mimi nikafuata." Shemeji husikia, hucheka chini chini.

Sasa, mganga hajigangi, na gari la shemeji ni shahidi. Gari hilo lilikuwa stoo yenye magurudumu. Mteja akikwama jioni na maduka ya spea yamefungwa, shemeji anakuja uani, anafungua gari lake, anachomoa kitu, anaondoka nacho akisema atakirudisha kesho. Kesho ya shemeji ni ndefu. Feni ya gari lake ilinyamaza zamani, wala hakuna aliyejali, kwa kuwa mji wetu uko bondeni na una joto la kutosha. Ukiona joto unashusha kioo, ukiona baridi unavaa sweta. Dada alikuwa akitania tu kwamba ameolewa na upepo lakini yeye haumfikii.

Utani huo uliisha dada alipougua. Ilikuwa saratani ya utumbo. Walimpasua, wakaitoa, kisha wakampangia dawa ya dripu, kila baada ya wiki mbili, katika hospitali iliyo upande wa pili wa mlima. Muuguzi alitukalisha chini akatueleza kwamba dawa ile haipatani na baridi. Siku za kwanza baada ya dripu asishike chuma cha baridi, asinywe maji ya baridi, asivute hewa ya baridi bila kujifunika mdomo. Vidole vitachoma kama sindano, na koo linaweza kubana, yeye akahisi linaziba ingawa halizibi. Tuliitikia ndiyo, ndiyo, vile watu wanavyoitikia hospitalini.

Safari ya kwanza tulirudi na mvua. Huko juu mlimani ukungu ulikuwa mzito na baridi yake haina simile. Sisi watatu tukipumua ndani ya gari lililofungwa, kioo cha mbele kikafunikwa na mvuke. Shemeji alipangusa kwa kitambaa, ukarudi. Akapangusa tena, ukarudi. Dawa ya mvuke ule ni hewa ya feni ipigwe kwenye kioo, na feni ilikuwa maiti. Barabara ile ina kona na upande mmoja ni korongo, hatungeweza kwenda bila kuona. Basi akashusha vioo vya madirisha.

Kioo cha mbele kilisafika. Lakini baridi iliingia yote, na dada akashika shingo yake kwa mikono miwili. Alifungua mdomo, hakutoa sauti. Sijawahi kuona macho kama yale kwa mtu ninayempenda na sitaki kuyaona tena. Shemeji alisimamisha gari kando, akapandisha vioo, akamfungulia koti lake, akamwingiza uso kifuani kwake, akawa anamwambia, "Vuta pole pole, halizibi, muuguzi alisema halizibi." Nilimimina chai ya moto kutoka kwenye chupa, nikajiunguza kwa haraka. Hali ile ikapita. Tulikaa pale mpaka ukungu ulipopungua.

Tulipofika nyumbani dada alivua mtandio, akaukunja vizuri, akasema, "Sirudi tena."

Hakulia wala hakupaza sauti. Aliyasema kama mtu anayekataa rangi ya kitambaa dukani. Tukadhani ni uchovu, asubuhi ataamka na maneno mengine. Asubuhi aliamka nayo yaleyale. Siku chache zikapita, nikambembeleza nikiwa nimekaa kitandani kwake, naye akanijibu taratibu.

"Mdogo wangu, dawa yenyewe naivumilia. Kutapika navumilia. Ile barabara ndiyo siiwezi. Nilijua nakufa pale. Na nilijua nakufa kwa kukosa feni, ndani ya gari la Fundi Upepo."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai aliyomletea. Alikiweka mezani, akatoka.

Nilimshauri dada tukodi gari jingine. Alikataa. Alisema hawezi kutapika mbele ya mtu baki, akaomba asiambiwe tena habari hiyo. Na basi la abiria ndiyo kabisa, madirisha yake hayafungi. Daktari naye alikuwa ametuambia bila kuficha kwamba kukatisha dawa njiani ni kuupa ugonjwa ule nafasi ya kurudi. Mambo yakawa wazi. Ama gari lile litoe joto, ama dada yangu akae nyumbani angojee litakalokuja.

Mimi ulimi wangu hauna breki. Nilimfuata shemeji uani, nikamkuta ameegemea boneti.

"Shemeji," nikamwambia, "umetengeneza magari ya watu mpaka ukapewa jina. Hili la mkeo litatengenezwa na nani?"

Nilitegemea anijibu kwa utani, maana ndivyo tunavyoishi. Akasema tu, "Niletee taa."

Alianza kama anavyoanza kwa mteja. Alikaa kiti cha dereva, akawasha swichi, akazungusha kitufe cha feni namba moja mpaka nne. Kimya. Akaangalia fyuzi, nzima. Akaondoa droo ya dashibodi upande wa abiria, akalala chali miguu ikiwa nje ya mlango, akaingiza ile taa ndogo ya kupimia umeme. Umeme ulikuwa unafika mahali fulani na kuishia hapo. Ulipoishia palitakiwa pawe na rezista, kidude kinachopunguza nguvu ya umeme ili feni ipulize polepole au kwa kasi unavyotaka. Kidude hakikuwepo. Badala yake palikuwa na waya uliochunwa na kuunganishwa kienyeji, na soketi imeungua mpaka ikayeyuka kama mshumaa.

"Mjinga gani alifanya hivi?" nilimsikia akiuliza kule chini ya dashibodi.

"Mimi simtaji mtu," nikasema, "lakini hatujamwacha mbali."

Miguu yake ilitulia kidogo. Alikuwa ameshakumbuka. Alikichomoa mwenyewe kumpa mteja, jioni moja, mpaka kesho.

Akaweka rezista mpya na soketi mpya, akawasha. Feni ikaguna, haikuzunguka. Akagonga mota kwa mpini wa bisibisi, ikaanza kuzunguka kwa kulalamika, na harufu ya kuungua ikatoka. Akazima upesi. Fundi mwingine angesema mota imekufa, weka nyingine, twende. Shemeji si mtu wa hivyo.

"Mota haichoki bure," alisema, akijisemea kuliko kunisemesha. "Kuna kitu kinaishika. Nikiweka mpya bila kujua ni nini, nayo itashikwa. Itashikwa kulekule mlimani."

Akafungua skrubu, akaitoa mota pamoja na gurudumu la feni, lile lenye mapanga membamba yaliyozunguka kama kikapu. Akaipakata juani. Nami nikatoka na nguo ya mtu mkononi, nikaenda kuangalia.

Zilikuwa nywele. Zilikuwa zimejisokota kwenye mhimili, kati ya gurudumu na mota, zikakazana mpaka zikawa kama kamba ya ngozi. Nyeusi, za kahawia, na nyingine nyekundu iliyoiva. Nywele za bandia, za kusukia. Miaka yote dada alikuwa akisafiri na mifuko ya nywele miguuni, akienda kuwasuka wateja majumbani kwao, na tundu la kuvutia hewa ndani ya gari lile liko juu ya miguu ya abiria. Unywele mmoja leo, mwingine kesho, feni imevuta, imesokota, imelemewa, mpaka ikaunguza kila kitu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini za gari lile zote zilikuwa za dada.

Shemeji alijaribu kwa kisu, akaogopa kukwaruza mhimili. Akajaribu kwa koleo, zikakatika juu na kubaki ndani. Akafikiri, kisha akaingia ndani na kurudi na kulabu ya kusukia, ile ndogo yenye mpini wa mbao, aliyoitoa kwenye kikapu cha dada ambacho hakikuwa kimeguswa tangu ugonjwa uanze. Nikajiambia, huyu leo anatafuta ubaya. Nikarudi dirishani kwangu ili niwe karibu bila kuwemo.

Alichokoa na kuvuta, akitokwa jasho, akizitukana zile nywele kwa sauti ya chini. Hakuona kwamba dada amesimama kwenye mlango wa jikoni, amejifunga shali, glavu mikononi, anamtazama. Tangu siku ile ya kikombe walikuwa hawasemeshani sana.

"Hivyo ndivyo unavyofumua?" dada akauliza.

"Nafumua ninavyojua."

"Kingekuwa kichwa cha mtu, ungekuwa umeshapigwa kofi."

Akaja, akavuta kigoda, akakaa mbele yake. Jua lilikuwa la mchana na siku za zile sindano za vidoleni zilikuwa zimepita, basi akavua glavu. Akanyoosha mkono apewe kulabu. Shemeji aliiweka mota katikati ya magoti yake na kuishika kwa mikono miwili, kama msusi anavyomshikisha mteja kichwa chake kisiyumbe. Dada akaizungusha, akitafuta kitu.

"Unatafuta nini?"

"Ncha. Wewe umeanzia katikati ndiyo maana zinakatika. Zina pahali zilipoishia kujifunga. Nikipapata, zitakuja zenyewe."

Alitafuta muda mrefu. Niliona anapapasa, anaacha, anapapasa tena palepale. Shemeji naye aliona.

"Vidole havisikii?" akamuuliza kwa upole.

"Ncha zake hazisikii. Natumia kucha na macho."

Shemeji aliinamisha kichwa. Vidole vile ndivyo vilivyosuka mji mzima, na ndivyo vilivyosomesha watoto wao akiba ya gereji ilipopungua. Alitaka kusema kitu, dada akamkatiza.

"Shika vizuri, inayumba."

Akaipata ncha. Akaingiza kulabu, akazungusha kifundo cha mkono, na fundo la kwanza likalegea. Tangu hapo ilikuwa kazi ya mtu anayeijua. Zilitoka duara baada ya duara. Alipofika kwenye zile nyekundu alisimama.

"Hizi nazijua. Ni za yule bibi harusi aliyelia mpaka wanja ukamfika kidevuni."

"Aliyemkataa bwana asubuhi ya harusi?"

"Akamkubali mchana. Na mimi nimeshafumua kichwa, ikabidi nianze upya."

Wakacheka. Walicheka kwa muda, wakinyamaza na kuanza tena, dada akijishika tumbo lililopasuliwa. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu tulipopewa majibu ya vipimo. Nilishona mkono wa gauni ukiwa ndani nje, ikabidi niufumue na mimi.

Uzi wa mwisho ulipotoka, dada aligusa gurudumu kwa kucha, likazunguka lenyewe bila sauti. Alilitazama mpaka likasimama. Kisha akavaa glavu zake na kuinuka.

"Nimetoa nywele tu," akasema. "Sijasema nakwenda."

"Sijauliza," shemeji akajibu.

Alisafisha mota, akabadilisha kaboni zake zilizolika, zile za kuipitishia umeme, akairudisha mahali pake. Mimi nikamshonea kichujio cha kitambaa chepesi cha kuzuia uchafu pale hewa inapoingilia. Akawasha. Namba moja, mbili, tatu, nne, kila moja na nguvu zake. Nikafikiri tumemaliza. Akawasha na injini, akangoja ipate moto, akazungusha kwenye joto, akalaza shavu.

Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa umeanguka.

"Ni ya vuguvugu," akasema. "Ya kumwogeshea mtoto."

Alikaa chini, mgongo kwenye tairi. Alikaa hapo mpaka nikaona haya kumtazama. Halafu akajipiga kofi la paja na kunieleza, na ilimuuma kunieleza. Joto la ndani ya gari linatoka kwenye maji ya rejeta. Kuna kidude kinaitwa thamostati, kinayazuia maji yale yasizunguke kote mpaka injini ipate moto sawasawa. Mafundi wa mji wetu wana desturi ya kukitoa na kukitupa. Wanasema sisi tunaishi kwenye joto la bure, kidude cha kutunza joto cha nini, kitachemsha injini bure. Bila hicho, gari likipanda mahali pa baridi maji hayashiki moto, na hita inapuliza vuguvugu.

"Na la kwako nani alikitoa?" nikauliza.

"Mimi. La kwangu ndilo lilikuwa la kwanza. Niliwaonyeshea wenzangu wajifunze."

Asubuhi alikwenda kwa muuza spea, nami nilikwenda naye kwa kuwa nilikuwa na safari ya vifungo. Muuza spea alipoambiwa kinachotakiwa, aliegemea kaunta kwa raha zake.

"Thamostati? Wewe? Si wewe uliyewaambia watu ni takataka? Umeniulia biashara, zimelala hapa mpaka maboksi yamefifia."

"Ni mimi," shemeji akasema. "Nilikosea. Nipe moja."

Muuza spea alikuwa amejiandaa kwa ubishi mrefu, na aliponyimwa alipoa. Akamtafutia yenye mpira mzuri, akamwuliza mgonjwa anaendeleaje.

Thamostati ilipofungwa, injini ilipata moto inavyotakiwa, na lile shavu likaridhika. Lakini shemeji hakuridhika. Aliacha milango wazi na feni ikipuliza mchana kutwa, harufu ya grisi na ya vumbi la kale itoke yote, maana dada siku za dawa harufu zinamchafua moyo. Alinitafuta kila saa nikanuse. Kisha alfajiri moja akagonga mlango wangu.

"Shemeji, twende mlimani. Uje bila sweta."

"Unataka kuniua?"

"Nataka kujua."

Nilikwenda na gauni jepesi, nikiwa nimekaa kiti cha dada, nikimlaumu kila kona. Ukungu ulitupokea kulekule juu. Mvuke ukaanza kutanda kwenye kioo, nikakaza meno nikingoja ashushe dirisha kwa mazoea. Alizungusha kitufe tu. Mvuke ukarudi nyuma, ukianzia chini kwenda juu, na barabara ikaonekana yote. Miguu yangu ilipata moto, kisha mikono, kisha nikaanza kutoka jasho la shingo.

"Koo lako vipi?" akauliza.

"Koo langu halijawahi kuugua, shemeji, si unalisikia?"

"Najua. Nauliza hewa inapita vipi."

Nikamwambia ukweli, kwamba inapita laini, kama ya kufunua sufuria iliyoepuliwa muda.

Alisimamisha gari pale pale tulipokuwa tumesimama siku ile. Akainama upande wangu, akalaza shavu kwenye tundu la abiria, akakaa hivyo. Alipoinuka shavu lilikuwa limelowa.

"Maisha yangu yote nawapulizia watu baki," akasema. "Upepo wa mke wangu nikauacha kesho, kesho."

Nilichukua kitambaa nikapangusa kioo, na kioo kilikuwa kikavu.

Siku ya dripu ilipofika, hakuna aliyemuuliza dada kitu. Shemeji aliamka mapema akawasha gari lipate moto. Mimi nilijaza chai kwenye chupa, nikaifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Taa ya chumba cha dada ilikuwa inawaka na mlango umefungwa. Shemeji alikuwa amekaa nyuma ya usukani anatazama mbele, kwenye ukuta. Nilimwonea huruma, nikajionea na mimi. Alikuwa ametengeneza kila kinachotengenezeka, na kilichobaki hakikuwa cha bisibisi.

Dada akatoka amejifunga vizuri. Akafungua mlango wa gari, akapitisha mkono wenye glavu mbele ya tundu, akaurudisha.

"Mmelichemsha hili kama maji ya kuoga," akasema. Akakaa, akafunga mkanda. "Nakwenda leo. Ya mbele msiniulize."

Hatukumuuliza.

Jioni tulirudi na mvua kama ile ya kwanza. Dripu ilikuwa imeshaanza kumtesa, aliguswa tu na kitasa cha mlango wa hospitali akaruka kama ameungua. Tulipoanza kupanda alijifunika mtandio mpaka puani na kuushika mkanda kwa mikono yote miwili. Mvuke ukaja. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, si kwenye barabara. Shemeji akazungusha kitufe, na sote watatu tukautazama ukirudi nyuma. Madirisha yakabaki yamefungwa.

Baada ya kona mbili tatu dada alishusha mtandio kidogo, akavuta hewa kwa pua, akangoja. Akavuta kwa mdomo, akangoja tena, mkono ukiwa karibu na shingo. Ile hali ya kubanwa haikuja. Akaushusha mtandio mpaka kifuani. Tukapita pale tuliposimama safari ya kwanza. Tulipoanza kuteremka kichwa chake kilikuwa kimelala upande, na alikuwa anakoroma.

Tuliingia uani bado mvua inanyesha. Shemeji alisimamisha gari lakini hakuzima injini. Nikashika kitasa.

"Usifungue," akaninong'oneza. "Baridi itaingia."

"Shemeji, nimebanwa na haja tangu mlimani."

"Vumilia."

Nikavumilia. Feni alikuwa ameishusha mpaka namba moja, inapuliza taratibu kumwelekea dada. Yeye mwenyewe kola ya shati ilikuwa imelowa jasho, na hakupunguza joto. Alikuwa anamtazama mkewe analala. Nilijua anachofikiri kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hichohicho, kwamba leo amekwenda, na leo ndiyo aliyotuahidi, basi.

Dada alizinduka, akaangalia ukuta wa nyumba yake mbele yake.

"Tumefika?"

"Muda sasa," shemeji akasema.

"Mbona hamshuki?"

"Ulikuwa umelala."

Dada alijishika shingo, nyuma, akaikunja huku na huku, akaguna.

"Shingo yote imekufa ganzi. Safari ijayo mnikumbushe nibebe mto."

Shemeji alizima injini. Akasema, "Nitakukumbusha." Mimi nilifungua mlango nikatoka mbio kwenye mvua, uso nimeuficha, na mpaka leo wanaamini ni kwa sababu nilikuwa nimebanwa.